Feni za seva: jinsi ya kuzisikiliza, kuzisafisha na kuzibadilisha

Seva ikianza kuvuma kama pikipiki inayopanda mlima kwa gia ndogo, simu huja na maneno yaleyale: "Fundi, feni imekufa." Mara nyingi haijafa. Feni iliyokufa iko kimya. Zinazovuma ni zile zilizo hai, zimeongezewa mwendo ama kwa sababu mwenzao amesimama, ama kwa sababu kuna joto linalotoka kwingine kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na bisibisi. Nimeona feni nzima zikitupwa kwa kosa la kiyoyozi, na mwezi uliofuata zile mpya nazo zikavuma vilevile.

Ninaowaandikia ni ninyi wenye seva mbili tatu hadi kumi hivi, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo, chenye kiyoyozi kimoja cha ukutani. Ndivyo zilivyo ofisi nyingi nilizohudumia Dar es Salaam, Tanga na Dodoma. Mwenye ukumbi mkubwa wa seva ana wataalamu wake wa hewa, hanihitaji mimi.

Ifahamu feni yenyewe

Seva nyembamba ya U1 (U ni kipimo cha kimo cha seva za kupachikwa kwenye raki, lile kabati lao la chuma) ina kimo cha milimita 44.45 tu. Feni inayoenea humo ni ya milimita 40, kama ukubwa wa kiberiti. Kwa udogo huo, ikitakiwa kusukuma hewa ya kutosha hulazimika kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na zipo zinazopita 20,000. Seva ya U2 hubeba feni za milimita 60 au 80, na ile ya kusimama kama kompyuta ya mezani huwa na za 92 au 120 zinazokwenda kwa mwendo wa taratibu. Kwa hiyo usiilaumu seva nyembamba kwa kelele. Imeumbwa hivyo. Kinachopaswa kukushtua ni kelele zilizobadilika.

Feni nyingi za seva zina nyaya nne. Mmoja ni wa eathi, wa pili huleta volti 12, wa tatu hutoa taarifa ya mwendo, wa nne hupokea amri. Kwenye waya wa tatu feni hutuma mapigo mawili kila inapomaliza mzunguko mmoja, na ubao mama unayahesabu. Kwenye waya wa nne ubao mama hutuma mapigo ya kilohezi 25 kuiambia feni iende kasi au ipunguze. Yaani waya wa tatu ni mdomo wake na wa nne ni sikio lake. Kumbuka hili, kwa sababu feni inaweza kuzunguka vizuri kabisa huku mdomo wake umekatika, na seva ikatangaza kwamba imekufa.

Ndani ya kitovu kuna beringi. Za bei ndogo ni za bushi: mhimili unazunguka ndani ya kibomba chenye mafuta. Za seva kwa kawaida ni za gololi, mara nyingi mbili. Watengenezaji huandika umri wa feni kwa saa, mathalani 60,000 au 70,000 katika joto la nyuzi 40. Saa 70,000 ni karibu miaka minane, ila soma vizuri maana yake: ni muda ambao feni 10 kati ya kila 100 zitakuwa zimeshaharibika. Seva yenye feni sita, tena ndani ya chumba chenye joto na chumvi, haitakuachia miaka minane ya usingizi.

Fungua daftari kabla ya kufungua seva

Kazi hii ni ya dakika tano kwa mwezi na ndiyo yenye faida kuliko zote. Seva nyingi za kweli zina kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, ile ambayo Dell wanaiita iDRAC na HPE wanaiita iLO. Hiyo inajua mwendo wa kila feni. Kwenye Linux, sakinisha programu ya ipmitool kisha andika:

`ipmitool sdr type Fan`

Utapata orodha inayofanana na hii:

`FAN1 | 41h | ok | 29.1 | 8400 RPM`
`FAN2 | 42h | ok | 29.2 | 8500 RPM`
`FAN3 | 43h | ok | 29.3 | 8400 RPM`
`FAN4 | 44h | ok | 29.4 | 6900 RPM`

Itazame vizuri. Zote nne zimeandikwa "ok". Hakuna taa nyekundu, hakuna barua pepe ya onyo. Lakini FAN4 imepewa amri ileile na iko nyuma ya wenzake kwa mizunguko 1,500. Beringi zake zimeanza kuwa nzito. Ukingoja seva ikuambie, itakuambia siku feni inaposimama. Daftari linakuambia mapema, na hapo unaagiza feni bila haraka na kwa bei unayoitaka wewe.

Andika tarehe, saa, joto la chumba, joto la hewa inayoingia kwenye seva, na mwendo wa kila feni. Fanya hivyo siku seva inapokuwa mpya au imetoka kusafishwa, kisha kila mwezi saa ileile, maana seva ya saa nne asubuhi watu wakiwa kazini si sawa na ya saa tisa usiku. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: feni moja ikibaki nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, naiagizia ya kuibadilisha. Zote zikipanda kwa pamoja, siigusi hata moja. Naenda kutafuta joto.

Tahadhari moja hapo. Seva nyingi za U1 zina feni pacha, mbili zimefuatana kwenye fremu moja na zinazunguka kinyume. Hizo huandikwa kama FAN1A na FAN1B, na kwa kawaida ya mbele na ya nyuma hazilingani mwendo. Linganisha A na A, B na B.

Halafu soma kumbukumbu za matukio:

`ipmitool sel elist`

Hapa unatafuta feni iliyoshuka chini ya kiwango kisha ikarudi yenyewe. Tukio la namna hiyo likijirudia kila baada ya siku chache ni sawa na injini inayokohoa asubuhi. Itawaka, lakini unajua inakokwenda.

Kama seva yako ni kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya seva, na ziko nyingi, hakuna aibu, tumia `sensors` baada ya kuendesha `sensors-detect` mara moja. Kwa joto la diski tumia `smartctl -A`. Mashine ikikataa kabisa kusema, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, inapowaka, usome hapo.

Kosa ni la feni au la joto?

Kwenye ofisi moja ndogo Tanga, seva ya kusimama ilikuwa inazimika kila siku mchana. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebadilisha feni zote mbili. Nilipofika asubuhi haikuwa na tatizo lolote. Nikakaa. Ilipofika saa tano akaingia mama mhudumu wa ofisi, amemaliza kufagia, akachukua kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kama vile tunavyofunikia redio na televisheni nyumbani, akaifunika seva kuanzia juu hadi chini.

Nikamuuliza, "Mama, hiki kitambaa hukaa hapa kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Nyinyi mnaiacha wazi inaingia vumbi, mimi nikaionea huruma."

Alikuwa sahihi kuhusu vumbi. Tulikubaliana kitambaa kikae juu ya printa.

Nasimulia hivyo kwa sababu kabla ya kubadilisha chochote ni lazima usimame mbele ya seva uifuate hewa kwa mkono: inaingia wapi, inapita wapi, inatoka wapi na ikitoka inaelekea wapi. Hewa baridi huingia mbele na ya moto hutoka nyuma. Kila kinachovuruga safari hiyo kitakuja kukuvumia kupitia feni.

Anza na kipimajoto. Kile cha bei rahisi cha dijitali kinatosha, lakini kitundike mbele ya seva usawa wa mahali hewa inapoingia. Wengi wanasoma namba iliyoandikwa kwenye rimoti ya kiyoyozi, na namba hiyo ni ombi tu. Chama cha wahandisi wa kupoza cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Seva nyingi zinavumilia hadi 35, ila kuvumilia siyo kustarehe. Wala usiende upande wa pili ukageuza chumba kuwa bucha. Nyuzi 24 zinatosha kabisa na kiyoyozi kitadumu.

Kisha piga hesabu ya kiyoyozi. Kila wati ya umeme inayoingia kwenye seva inatoka ikiwa joto, na wati moja ni BTU 3.4 kwa saa. Seva nne za wati 400 kila moja ni wati 1,600, karibu BTU 5,500. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaimudu kazi hiyo huku kikibakiza nafasi ya jua la ukutani, UPS (betri ya akiba ya umeme) na swichi za mtandao. Lakini kiwe kimesafishwa. Kichujio kilichoziba kwa vumbi kinaweza kukifanya kiyoyozi kizima kuwa pambo.

Tazama pia raki. Nafasi tupu kati ya seva moja na nyingine ni mlango wa hewa ya moto kurudi mbele, na seva inaanza kuvuta pumzi yake yenyewe. Ziba nafasi hizo kwa vibao vyake maalumu vya plastiki au bati. Usitumie boksi, linachakaa, linatoa vumbi na linashika moto. Nyuma, zile kebo zilizorundikana kama tambi zifungwe pembeni ili hewa ipate kutoka.

Lipo jingine ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote niliyotaja: umeme ukikatika. UPS inabeba seva, haibebi kiyoyozi. Chumba cha mita tatu kwa nne, dari mita mbili na nusu, kina hewa ya uzito wa kilo kama 36. Wati zetu 1,600 zinapandisha joto la hewa hiyo kwa nyuzi moja kila sekunde 22 hivi, ukihesabu hewa peke yake. Kuta na vyuma vya raki vinanyonya sehemu ya joto, kwa hiyo hali halisi ni ya taratibu zaidi, lakini umepata picha. Wakati huohuo feni zinaongeza mwendo, na feni ikienda kasi mara mbili hula umeme karibu mara nane. Betri inaisha mapema kuliko ulivyopiga hesabu siku chumba kilipokuwa na baridi.

Umeme unaporudi ndipo wengi wanaponaswa. Seva inawaka yenyewe. Kiyoyozi kinangoja mtu mwenye rimoti, na leo ni Jumamosi. Hakikisha kiyoyozi chako kina uwezo wa kujiwasha na kwamba uwezo huo umeruhusiwa. Jaribu kwa kushusha swichi yake kuu na kuipandisha. Kisipowaka chenyewe, hilo ni tatizo la kutatua kabla ya kununua feni yoyote.

Kusafisha

Majira ndiyo yanayopanga ratiba. Pwani mimi husafisha Novemba, kabla kaskazi haijaleta joto la Desemba hadi Machi, na tena Juni masika yakishapita. Dodoma hali ni nyingine: kiangazi ni kirefu, vumbi ni jepesi na linaingia kila mahali, kwa hiyo kati ya Juni na Oktoba nachungulia kila mwezi na kusafisha nionapo haja. Vumbi la Dodoma hupeperuka ukilipuliza. La pwani lina chumvi na unyevu, linaganda kama uji, na skrubu za chuma chini yake unazikuta zimeshika kutu. Ukiwa jirani na bahari, usifungue dirisha la chumba cha seva ili "ipate upepo".

Unahitaji brashi laini ya rangi ya inchi moja ambayo haijawahi kuguswa na rangi, blowa ya mkono au kopo la hewa, bisibisi ya nyota, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi, tochi na simu ya kupigia picha. Ukisafisha prosesa ongeza pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati yake na chuma cha kuipoza.

Waarifu watumiaji, zima seva kwa amri siyo kwa kitufe, kisha chomoa nyaya za umeme. Nyaya, siyo waya. Seva nyingi zina pawasaplai mbili, na ukichomoa moja mashine bado ina umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Piga picha ya kila plagi kabla hujaigusa. Itoe seva nje, barazani. Ukipuliza ndani ya chumba umehamisha vumbi kutoka seva moja kwenda nyingine. Vaa kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, na kama huna, gusa chuma kitupu cha kasha la seva kila mara kabla ya kuingiza mkono.

Sasa toa feni moja moja ukizipa namba kwa tepe. Usiruke hatua hii. Vumbi baya haliko kwenye feni unayoiona. Liko nyuma yake, kati ya feni na hitisinki, yaani yale mapezi ya alumini au shaba juu ya prosesa. Pale hujisokota zulia la kijivu ambalo ukiangalia kwa juu huwezi kuliona. Ukiitoa feni, unalibandua kwa vidole likiwa kipande kizima. Kuna siku nilibandua moja ikiwa na nywele, uzi wa khanga na bawa la kumbikumbi.

Puliza kinyume cha njia ya kawaida ya hewa, kutoka nyuma kwenda mbele, kwa mpigo mfupi mfupi. Kabla ya hapo zuia mabawa ya feni kwa kidole au kwa kijiti cha plastiki. Hapa nina deni la kukiri. Nilipokuwa naanza kazi, nilikuwa napeleka seva kwenye gereji ya jirani na kuzipuliza kwa kompresa ya matairi, nikiziachia feni zizunguke. Ule mlio wake niliupenda. Baada ya wiki chache feni nne za seva moja zikaanza kusaga kama zina mchanga, nikazilipia mwenyewe. Feni ikizungushwa kupita mwendo wake gololi zinaumia, na mota yake inageuka jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao. Kompresa za gereji zina ubaya mwingine tena: tangi hukusanya maji na mafuta. Kama ndiyo uliyo nayo, fungua valvu ya chini maji yatoke, puliza kwanza kwenye karatasi nyeupe, na karatasi ikipata hata tone moja, achana nayo.

Mabawa yenye uchafu ulioganda yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Spiriti isiingie kwenye kitovu. Inayeyusha mafuta ya beringi. Futa mabawa yote, siyo yale unayoyafikia kwa urahisi, kwa sababu bawa moja likibaki na uchafu feni inayumba na kutetemesha hata diski. Lenye ufa halina dawa, feni hiyo itupwe. Mashine ya nyumbani ya kuvutia vumbi isisogee karibu; bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli. Pawasaplai ipulizwe kwa nje tu, usiifungue: kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Feni ikiwa mkononi, ijaribu. Izungushe taratibu kwa kidole: iende laini na isimame polepole. Ikisimama kwa kukwama, beringi imechoka. Shika kitovu ukisukume mbele na nyuma. Kikicheza na kugonga, imechoka. Seva ikiwa imewaka, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye fremu ya feni, mbali na mabawa, na mpini sikioni. Nzima inavuma sauti moja. Mbovu inakwaruza, na ukishaisikia mara moja hutaisahau.

Kubadilisha

Kununua ndiko kunakowashinda watu. Feni mbili za milimita 40 zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa nguvu. Soma lebo ya ile ya zamani: namba ya kipuri, volti, ampea, na unene. Feni ya kawaida ya kompyuta ya milimita 40 kwa 20 hula chini ya robo ampea. Ya seva yenye unene wa 28 au 56 inaweza kula ampea moja au zaidi. Ukiweka ile ndogo itazunguka, itanyamaza vizuri, na prosesa itapata moto kupita kiasi. Angalia na plagi. Watengenezaji wakubwa wa seva hupanga pini kwa namna zao, kwa hiyo plagi kuingia si ushahidi kwamba nyaya zinalingana. Muuzaji akikwambia "hii ni ileile bosi, tofauti jina tu", mwonyeshe lebo ya ampea umwombe akuonyeshe ya kwake.

Seva nyingi zina feni zinazobadilishwa bila kuzima. Utaratibu wake:

1. Thibitisha namba ya feni mbovu kwa ipmitool na kwa taa yake, kama inayo. Hesabu ya namba huanzia upande tofauti kulingana na seva. Soma mchoro uliobandikwa chini ya kifuniko. Kutoa feni nzima na kuiacha mbovu ni rahisi kuliko unavyodhani.
2. Feni mpya iwe imeshatolewa kwenye mfuko na iko mkononi.
3. Vuta seva mbele kwenye reli, fungua kifuniko. Kuanzia sasa hewa haifuati njia yake, inavuja juu, na feni zilizobaki zitapiga kelele kubwa. Usishtuke.
4. Bana vishikio, inua ya zamani wima, shusha mpya mpaka isikike ikibana.
5. Funga kifuniko mara moja. Yote hayo yamalizike ndani ya dakika moja. Baadhi ya seva hujizima zenyewe zikikosa feni kwa muda mrefu.
6. Ngoja dakika tano, soma mwendo wa feni zote, andika kwenye daftari.

Kwa feni za skrubu, zima seva kwanza, kisha tafuta mshale kwenye fremu. Mmoja huonyesha mabawa yanakozungukia, mwingine hewa inakoelekea. Kama hakuna mshale, upande wenye mikono inayoshika mota ndio hewa inapotokea. Feni iliyogeuzwa hupigana na wenzake, na namba zake kwenye ipmitool zitakuwa nzuri kabisa, ndiyo maana kosa hilo hukaa miezi. Jaribu kwa karatasi ya shashi: mbele ya seva inavutwa, nyuma inasukumwa.

Ikitokea umeweka feni mpya ya mwendo mdogo kwenye seva ya kusimama, halafu feni zote zikawa zinapanda kwa kelele na kushuka kila baada ya sekunde chache, usiirudishe dukani. Feni inapopunguza mwendo inapita chini ya kiwango cha onyo, seva inadhani imekufa, inaamuru zote ziende kasi, mwendo unavuka kiwango, inazishusha, na mchezo unaanza upya. Kwenye seva nyingi zenye ubao mama wa kampuni ya Supermicro unashusha viwango vyenyewe:

`ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300`

Fanya hivyo ukiwa na hakika kwamba feni inatosha kwa joto la mashine. Ukishusha viwango ili kunyamazisha feni dhaifu, umezima king'ora na kuuacha moto.

Kuhusu mafuta

Ndiyo, mafuta ya cherehani yanaweza kuirudishia uhai feni ya bushi. Bandua lebo katikati ya kitovu, toa kifuniko cha mpira, tia tone moja, mawili yakizidi, zungusha kwa kidole, futa yaliyomwagika, rudisha lebo. Nimefanya hivyo mara nyingi kwenye kompyuta za mezani. Kwenye seva nafanya tu kwa kuvusha wikiendi wakati feni mpya iko njiani kutoka Nairobi au Dubai. Feni za gololi nyingi zimefungwa na mafuta hayafiki yanakotakiwa. Mafuta ya kupikia yanaganda kuwa gundi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu husafisha mafuta yaliyokuwamo, inanyamazisha feni siku mbili, halafu inaimaliza.

Iache mashine ijichunguze yenyewe

Daftari la mkono lina kasoro moja: wewe mwenyewe. Kwa hiyo weka mstari huu kwenye ratiba ya cron ya mtumiaji mkuu, uandike kumbukumbu kila saa:

`0 * * * * (date; ipmitool sdr type Fan; ipmitool sdr type Temperature) >> /var/log/feni.log`

Ndani ya iDRAC, iLO au kinachofanana navyo, washa barua pepe za onyo, kisha zijaribu kwa kitufe cha majaribio. Nimekuta ofisi ambako maonyo yalikuwa yanatumwa kwa uaminifu mkubwa miaka miwili kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Feni ya akiba iwe moja kwa kila aina ya seva uliyonayo, na ikae ndani ya raki yenyewe, chini kabisa, kwenye mfuko uliofungwa. Ikikaa stoo kuu utaitafuta kwa funguo za mtu aliyesafiri. Na kabla ya kuiingiza feni mpya, andika tarehe kwenye fremu yake kwa kalamu ya wino mzito, upande unaoonekana kifuniko kikifunguliwa.